Chuma cha Kupuliza

Leo naweka programu kando kidogo, tuongee chuma.

Juzi nilikuwa Migori kwa fundi wa jua kali, akinitobolea kipande cha springi ya gari. Ncha ya kekee ikakatika, pa! "Feki hii," akasema, akaitupa. Nikaiokota, nikarudi nayo nyumbani nikijiuliza: mbona kitu kigumu hivi kikatike kama chaki?

Chuma cha pua cha kutobolea huchanganywa na madini mengine. Mchanganyiko mmoja wa zamani una tangisteni asilimia 18, kromu 4 na vanadi 1. Shida iko kwenye kupoa. Ukikimimina kwenye kalibu kubwa, katikati hupoa polepole, na kaboni hushikana na madini hayo kuwa vijiwe vikubwa vilivyorundikana, mfano wa uji wenye madonge. Mara nyingi ufa huanzia hapo.

Miaka ya 1970, Profesa A. R. E. Singer wa Swansea, Wales, alileta wazo jingine: badala ya kumimina tu, puliza. Gesi ya naitrojeni hupasua mchirizi wa metali iliyoyeyuka kuwa matone madogo sana. Matone hutua yakiwa yameganda nusu juu ya sahani inayozunguka, tabaka juu ya tabaka, hadi pande zima linajengeka. Kwa kuwa tone hupoa haraka, vijiwe hubaki vidogo na vimetawanyika sawasawa. Kampuni ya Osprey ya Neath, hapo hapo Wales, iliikuza mbinu hiyo, na baadaye ikatumika hata kwa vyuma vyenye mchanganyiko mwingi.

Sasa turudi kwetu. Miaka hiyo hiyo ya 1970, ng'ambo ya ziwa huko Buhaya, Tanzania, wazee wa Kihaya walijenga upya tanuri la mababu mbele ya watafiti Peter Schmidt na Donald Avery. Kazi hiyo ilikuwa imekoma kwa miongo kadhaa. Mirija ya udongo iliingizwa ndani ya tanuri, na watafiti wakasema hewa ya mivukuto ilipata moto humo kabla ya kufikia makaa. Kilichotoka kilikuwa na chuma cha pua ndani yake. Mwaka 1978 waliandika katika jarida la Science kwamba ufundi huo ulikuwapo zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Wataalamu wengine walibisha kuhusu hiyo hewa ya moto, lakini chuma chenyewe kilionekana.

Na hapa Migori? Thimlich Ohinga, kuta za mawe zisizo na saruji za tangu karne ya 16, iliingia orodha ya UNESCO mwaka 2018. Pale pana mahali palipofuliwa chuma. Watalii wengi hupiga picha ukuta, wakapita.

Nyanya yangu wa Homa Bay aliniambia ukoo wetu ulikuwa na jatheth, mfua chuma. Nikamuuliza alifanyaje kazi. Hakujua. Aliyejua alishazikwa.

Sisi waandika programu tunalijua hili: mwenye kodi akiondoka bila kuacha maelezo, mfumo umekufa. Wahaya waliwahi, wazee wakiwa hai. Sisi tulichelewa.

Kama nyumbani kwenu yuko mzee aliyewahi kuvuta mivukuto, nenda na daftari wikendi hii. Ni hayo tu kwa leo, wadau.