Saadani mara mbili: maisha ya Hermann Wissmann

Novemba 1882 msafara uliotoka bara uliwasili Saadani, mji wa pwani ya Mrima uliokuwa chini ya Bwana Heri bin Juma. Kiongozi wake alikuwa luteni wa jeshi la Prusia, Hermann Wissmann, kijana wa miaka 29. Alikuwa amekuja kutoka Luanda, kwenye bahari ya upande wa pili. Hakuna Mjerumani aliyekuwa amemtangulia kulivuka bara hili kutoka magharibi hadi mashariki. Haikupita miaka saba, akarudi Saadani. Safari hii alikuja na manowari.

Ujerumani ilimsifu mtu mmoja kwa safari ile ya kwanza. Lakini mwenzake, Paul Pogge, alikuwa ameishia Nyangwe, mji wa biashara kando ya mto Kongo, akageuza kurudi magharibi. Kuanzia pale Wissmann alipita katika nchi ambayo wafanyabiashara wa Kiswahili na Kiarabu walikuwa wakiisafiri miaka mingi. Visima vilijulikana, vituo vilijulikana, na Tabora ilikuwa mji mkubwa uliozoea kupokea misafara. Alisindikizwa na maarifa ya watu ambao miaka michache baadaye angewapiga mizinga, na jambo hili sioni kwamba limepewa uzito wake.

Alizaliwa Frankfurt an der Oder tarehe 4 Septemba 1853, akalelewa katika shule za makadeti wa Prusia, kisha akapangiwa kikosi kilichokaa Rostock. Huko alifungwa miezi minne kwa kupigana na mwenzake pigano la heshima, jambo ambalo sheria ilikataza ingawa maofisa wenyewe waliona ni fahari. Na huko huko Rostock ndiko alikokutana na Pogge. Baadaye alimtumikia Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji katika bonde la Kasai, akaanzisha kituo cha Luluaburg, na mwaka 1887 akamaliza kuvuka Afrika mara ya pili, akatokea Quelimane, Msumbiji.

Mwaka 1888 Sultani Khalifa wa Zanzibar aliikabidhi Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki usimamizi wa pwani pamoja na ushuru wake. Agosti mawakala wa kampuni wakaanza kupandisha bendera yao mijini. Pangani alikaa Emil von Zelewski, naye ofisa wa Prusia, ambaye kwa ubabe wake watu walimwita Nyundo. Pwani ikawaka. Abushiri bin Salim al-Harthi, mwenye mashamba ya miwa Pangani, akawa kiongozi upande huo, na Bwana Heri akasimama Saadani. Muda si mrefu kampuni ilibakiwa na Bagamoyo na Dar es Salaam tu.

Kansela Bismarck alimteua Wissmann kamishna wa dola, na mwanzoni mwa 1889 bunge la Berlin likatoa mark milioni 2. Sheria yenyewe ilisema fedha hizo ni za kupiga vita biashara ya watumwa na kulinda maslahi ya Wajerumani. Nusu ya kwanza ya maneno hayo inastahili kupimwa kwa matendo. Katika miaka yote ya utawala wa Kijerumani utumwa wenyewe haukupigwa marufuku katika koloni hilo. Waliokuja kuufuta ni Waingereza, mwaka 1922.

Jeshi alilounda Wissmann halikufanana na lile lililomlea. Alikwenda Cairo akaandikisha Wasudani wapatao 600, askari waliobaki bila kazi baada ya Misri kuipoteza Sudan kwa majeshi ya Mahdi. Kutoka Msumbiji wakaletwa Washangaan wapatao 100, ambao Wajerumani waliwaita Wazulu. Maofisa walikuwa Wajerumani, na kwata ilikuwa ya Kiprusia, lakini vyeo vilikuwa vile Wasudani walivyovileta kutoka jeshi la Misri: ombasha, shaushi, bashaushi, efendi. Mwaka 1891 kikosi hicho kiligeuzwa kuwa jeshi rasmi la koloni. Naona hiyo ndiyo kazi yake iliyodumu kuliko nyingine zote, kwa sababu kuanzia hapo Mwafrika mwenye bunduki ya Mjerumani ndiye aliyetumwa kumtiisha Mwafrika mwenzake.

Tarehe 8 Mei 1889 aliishambulia boma ya Abushiri karibu na Bagamoyo, akaiteka. Juni ikafuata Saadani, ikapigwa mizinga kutoka baharini na kutekwa. Julai ikawa zamu ya Pangani. Abushiri alikimbilia bara akaendelea kupigana hadi aliposalitiwa, akanyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Bwana Heri alijichimbia ndani ya Uzigua, akawarudisha Wajerumani nyuma kabla ya kuzidiwa, na Aprili 1890 akajisalimisha. Vita hivyo havikuachiwa ripoti za Berlin peke yake. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy wa Tanga alivitungia utenzi mrefu wa Wadachi kutamalaki Mrima, na anayetaka kujua pwani iliwaonaje wageni hao aanzie hapo.

Wissmann alipandishwa kuwa meja, akapewa daraja la ukabaila, jina lake likawa von Wissmann. Jeshi lake alilirithi Nyundo, ambaye tarehe 17 Agosti 1891 aliangamizwa pamoja na sehemu kubwa ya kikosi chake na Wahehe wa Mkwawa huko Lugalo. Wissmann mwenyewe alisimamia meli ya mvuke iliyosafirishwa vipande vipande hadi Ziwa Nyasa mwaka 1893, ikapewa jina lake. Mwaka 1895 akawa gavana. Mwaka uliofuata alitoa amri ya kuhifadhi wanyamapori, yenye hifadhi kandokando ya Rufiji, kisha akaondoka kwa maradhi.

Alikufa kwa ajali ya bunduki akiwa mawindoni Austria, tarehe 15 Juni 1905. Wiki chache baadaye Wamatumbi waling'oa pamba, Vita vya Maji Maji vikaanza, na askari wa jeshi lile wakapelekwa kusini.

Sanamu yake ilisimamishwa Dar es Salaam mwaka 1909. Juu alisimama Wissmann, na chini yake askari akimtazama na kuinamisha bendera juu ya simba. Waingereza waliiondoa baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, na mwaka 1922 ikasimamishwa tena mbele ya Chuo Kikuu cha Hamburg. Wanafunzi waliiangusha mwaka 1967, ikarudishwa. Mwaka 1968 wakaiangusha tena, na safari hiyo chuo hakikuirudisha.