Miaka ya tisini inaanzia wapi, na tuiite namna gani?

Wankambo wetu hawakuhesabu nyakati kwa makumi. Walisema: wakati wa Bulamatari, wakati wa Tshombe, wakati wa vita ya Kolwezi. Jina lilitoka kwa jambo lililogusa watu. Siku hizi, juu ya masomo na redio, tunasema «miaka ya sitini», «miaka ya tisini». Hapo ndipo mabishano yanaanza.

Kwanza tuangalie hesabu. Mtawa Dionysius Exiguus, aliyepanga hesabu hii ya miaka katika mwaka 525, hakuweka mwaka wa sifuri. Alianza na mwaka wa 1. Kwa hiyo kumi ya kwanza ilitimia mwisho wa mwaka wa 10, na kumi ya mwisho ya karne ya ishirini ilianza tarehe 1 Januari 1991, ikaisha 31 Desemba 2000. Lakini watu wakisema «tisini» wanafuata namba yenyewe: 1990 mpaka 1999. Hesabu zote mbili ni za kweli. Moja inahesabu makumi tangu mwanzo, ingine inakusanya miaka yenye jina moja. Kugombana juu ya hiyo ni bure.

Neno gumu ni hili: historia haifuati kalenda. Kwetu Katanga tunaweza kusema tisini ilianza 24 Aprili 1990, Mobutu alipotangaza mwisho wa chama kimoja. Mwezi wa Mei mwaka ule, wanafunzi walishambuliwa usiku katika kampusi ya Lubumbashi. Mwezi wa Septemba, mgodi wa Kamoto ulibomoka. Gécamines, iliyokuwa ikitoa zaidi ya tani 400 000 za shaba kwa mwaka, katika 1994 haikufikisha hata 50 000. Na tisini yetu iliisha mapema: AFDL iliingia Lubumbashi mwezi wa Aprili 1997, na tarehe 17 Mei jina la Zaïre likazikwa. Lakini uende Goma: kule watakuambia juu ya Julai 1994, wakimbizi wa Rwanda walipovuka mpaka kwa malaki, na juu ya vita vya 1996 na 1998. Tisini yao haikuisha katika 1999.

Tena, jina. Wengi wanaiita «miaka ya demokrasia». Ni kweli, Konferansi ya Taifa ilifunguliwa Agosti 1991, na mwaka uliofuata ikamchagua Étienne Tshisekedi kuwa waziri wa kwanza. Lakini katika 1992 kule Likasi, na katika 1993 kule Kolwezi, watu wa asili ya Kasai walifukuzwa katika nyumba zao, hata wale waliozaliwa papa hapa. Walilala ku gare wakingojea treni, majuma na miezi, na wengine walikufia pale. Mtoto wa jamaa ile akisoma «miaka ya demokrasia», atajiona wapi?

Kwa hiyo sisi walimu tunapendekeza hivi. Tuwafundishe watoto tarehe za kalenda, ni lazima wazijue. Kisha kila mmoja aulize kwao: miaka ile munaiita nani, na kwenu ilianza siku gani? Majina yote yaandikwe ku tablo, moja kando ya lingine, bila kufuta hata moja. Tukichagua jina moja tu, tunachagua pia nani atasahauliwa.