Kwa nini simu ya ofisi hugoma wakati laini zipo

Msikilizaji, unapiga simu hospitali kuomba gari la wagonjwa, inakatika kabla haijapokelewa. Baadaye unaambiwa laini zilikuwa nzima na mhudumu alikuwa kitini. Sababu zinaweza kuwa nyingi, ila kuna moja ambayo wanunuzi huisahau: chipu za kuchakata sauti ndani ya mtambo zimejaa.

Laini ya kidijitali aina ya E1 hubeba maongezi 30 kwa wakati mmoja. Ofisi ikiwa na simu zinazopita kwenye mtandao wa kompyuta, kila ongezi lazima ligeuzwe kuwa vifurushi vya data, na kazi hiyo ni ya chipu. Ni kama mizani ya ghala la pamba: mizani ikiwa moja, wingi wa mikokoteni nje hausaidii kitu.

Sasa hapa ndipo hesabu huharibika. Sauti ya mfumo wa G.711 haibanwi sana, hutumia kilobiti 64 kwa sekunde. G.729 huibana hadi kilobiti 8, lakini kubana huko kunaichosha chipu. Kwenye kadi za PVDM2 za Cisco, chipu moja ilibeba simu 16 za G.711, au 6 tu za G.729. Kwa maongezi 30, chipu 2 zinatosha kwa mfumo wa kwanza. Wa pili unataka 5. Fundi akiwasha ubanaji ili kupunguza gharama za intaneti bila kuongeza chipu, simu ya 13 haipiti.

Vikao vya simu vya watu wengi navyo vina chipu zake. Katika kadi hizo, chipu iliyotengewa vikao haipokei simu za kawaida. Vivyo hivyo kazi ya kutafsiri kati ya G.711 na G.729, pale tawi linapotumia mfumo tofauti na makao makuu.

Kama uko kwenye kamati ya SACCOS au chama cha ushirika mnaotaka mtambo, msihesabu simu za mezani. Hesabuni maongezi ya saa yenye msongamano, tuseme siku ya malipo ya korosho, kisha muuzaji aandike kwenye mkataba mtambo unabeba mangapi yakiwa yamebanwa. Na kama simu zinaingia kwa intaneti tangu kampuni ya simu hadi mezani, kwa mfumo uleule, chipu huenda zisihitajike kabisa kwa maongezi ya kawaida. Ulizeni kabla ya kulipia.