Gundi isiyokauka ndiyo kinga ya mlango wa gari dhidi ya maji

WENYE magari wengi huamini kwamba mlango wa gari umeundwa ili usiingize maji hata tone. Ukweli ni kwamba kila mvua inaponyesha, maji hupenya na kuingia ndani ya mlango wenyewe, na watengenezaji wa magari wanalijua jambo hilo. Mpira ulio kando ya kioo cha dirisha hupangusa maji mengi lakini hauwezi kuyazuia yote, kwa kuwa sharti kioo kipate nafasi ya kupanda na kushuka.

Maji hayo huteremka kati ya bati la nje na bati la ndani, kisha hutokea kwenye matundu madogo yaliyo katika ukingo wa chini wa mlango. Hayana madhara mradi yabaki katika njia hiyo. Tatizo ni kwamba bati la ndani lina matundu makubwa ambamo fundi hupitisha mkono anapofunga mota ya dirisha, kitasa au spika. Kinachoziba matundu hayo ni karatasi ya nailoni, au sponji nyembamba katika baadhi ya magari, iliyobandikwa nyuma ya ubao wa mapambo. Kinga hiyo haitegemei karatasi pekee, bali pia utepe wa gundi unaoizunguka.

Gundi itumiwayo na viwanda vingi hutokana na mpira uitwao butili, ambao ulivumbuliwa mwaka wa 1937 na wanakemia William Sparks na Robert Thomas wa kampuni ya Standard Oil ya New Jersey, Marekani. Mpira huo ulipata umaarufu katika utengenezaji wa mirija ya ndani ya magurudumu, kwa sababu haupitishi hewa kwa urahisi. Mpira wa gurudumu hupikwa kwa salfa ili uwe mgumu na ushike umbo. Ule wa gundi ya mlango hauachwi ufikie ugumu huo, na ndiyo maana hubaki laini na wenye kunata kwa miaka mingi.

Ulaini huo una sababu. Mlango hubamizwa mara kadhaa kila siku, bati hupanuka juani na kunywea usiku, na spika huutikisa daima. Gundi iliyokauka ikawa kama jiwe hupasuka au kubanduka katika hali hiyo, ilhali iliyo laini hufuata mwendo wa bati. Aidha, mlango ni sehemu ambayo itafunguliwa tena siku moja. Gundi isiyokauka huachia karatasi bila kuirarua, na huweza kubandikwa upya iwapo haijaingia vumbi.

Shida nyingi huanza siku ubao wa mlango unapotolewa ili dirisha, kitasa au spika irekebishwe. Karatasi ikiraruliwa, au ikirudishwa kwa vipande vya utepe wa kufungia katoni, maji hupata njia mpya. Ubao wa mlango hufura na kupinda, swichi za dirisha huingia kutu, na zulia hulowa kutoka chini. Mara nyingi dalili ya kwanza ni harufu ya uvundo asubuhi na vioo kujaa ukungu, na mwenye gari hudhani kioo cha mbele ndicho kinachovuja. Sakafu ya bati iliyofunikwa na zulia bichi huoza polepole bila kuonekana.

Katika baadhi ya magari ya kisasa, hatari hupita zulia. Milango yake hubeba kitambuzi cha shinikizo la hewa, ambacho huhisi hewa ikibanwa ghafla gari linapogongwa ubavuni na kusaidia kuamua kama mifuko ya hewa ya kando ifunguke. Mlango ulioachwa na matundu wazi unaweza kukipotosha kitambuzi hicho. Kwa magari hayo, maagizo ya mtengenezaji kuhusu kinga ya mlango ni suala la uhai.

Mnunuzi afaa kuanza kwa kusoma maelezo ya pakiti. Ikiwa yanataja muda wa gundi kukauka au kukomaa, hiyo siyo inayotakiwa. Iliyo bora kwa kazi hii huuzwa ikiwa utepe au kamba iliyoviringishwa pamoja na karatasi ya kubandua. Baadhi ya gundi za butili zinazokamuliwa kutoka kwenye mkebe huwa na kiyeyushi, na kiyeyushi kikiruka, gundi hushika ngozi juu. Kamba yenye unene wa milimita 6 hadi 10 hutosha milango mingi, kwa kuwa bati la ndani lina mabonde na matuta yanayopaswa kujazwa. Ikivutwa kwa vidole, gundi nzuri hurefuka kama ulimbo. Ikikatika kwa kumeguka, imezeeka. Pia isiwe laini kupita kiasi, kwani mlango wa gari lililoegeshwa juani hupata joto kali na gundi dhaifu huteremka pamoja na karatasi.

Silikoni, ambayo mafundi wengi huikimbilia, haifai. Hukauka, haishikani vyema na nailoni, na ile yenye harufu ya siki hutoa asidi inayoweza kuleta kutu kwenye bati lililochubuka na kwenye nyaya. Mabaki yake pia huiharibu rangi mpya ya gari, ambayo hukataa kushika na kuacha vishimo. Gundi ya kubandikia kioo cha mbele nayo hushika mno hivi kwamba karatasi haitoki ila kwa kisu. Ile ya viatu hukauka ikawa utando mgumu usioweza kujaza mabonde ya bati.

Kabla ya kubandika, gundi kuukuu iliyochafuka huondolewa kwa kudonolewa kwa donge la gundi hiyo hiyo. Mabaki hulainishwa kwa mafuta ya taa kidogo, kisha bati hufutwa kwa spiriti hadi lisiwe na mafuta wala vumbi. Karatasi iliyoraruka yaweza kubadilishwa kwa nailoni nzito ya ujenzi iliyokatwa kwa kufuatisha ile ya zamani. Mfuko mwepesi wa dukani haudumu.

Utepe wa gundi uzunguke bila kukatika, hasa upande wa chini. Wapo wanaoacha ukingo huo wazi wakidhani mlango utapumua, kumbe hapo ndipo maji yanayotiririka nyuma ya karatasi hukusanyika. Pale ambapo bati lina ufa wa kupokea ukingo wa chini wa karatasi, ukingo huo urudishwe ndani ya ufa ili maji yadondokee mlangoni. Nyaya zizungushiwe donge la gundi zinapopenya karatasi, na matundu ya chini ya mlango yazibuliwe matope, yasizibwe kamwe.

Kazi ikaguliwe kabla ya ubao kurudishwa. Kioo kikiwa kimefungwa, maji yamwagwe juu yake kwa dakika chache. Yanapaswa kutoka chini ya mlango huku uso wa karatasi unaoelekea ndani ya gari ukibaki mkavu. Mwenye gari ana haki ya kuomba kuliona jaribio hilo gereji, kwani ubao ukisharudishwa, kasoro haitaonekana tena hadi mvua ijayo.