Maili za Ndege, Sarafu Isiyo na Benki Kuu

Marekani ilipoondoa udhibiti wa nauli na njia za ndege mwaka 1978, ushindani ulipamba moto. Mei 1981 American Airlines ikazindua AAdvantage: safiri nasi, tukuhesabie maili, zikitosha upate tiketi ya bure. United ikafuata siku chache baadaye. Wengi waliona ni bakshishi ya mteja mwaminifu. Kumbe ilikuwa sarafu, na mwenye kuitoa ndiye mpanga thamani yake. Mwaka 1987 ikaja kadi ya mkopo ya Citibank yenye kutoa maili hizo. Sasa benki zilinunua maili, na mtu alizipata hata kwa kununua viatu.

Mtu atauliza: mbona wajanja walifaidi? Kweli walifaidi. Mwaka 1999 mhandisi mmoja wa California alinunua vikombe zaidi ya 12,000 vya pudini kwa dola 3,000 hivi, akakusanya misimbopau yake, ambayo mtengenezaji aliahidi kuibadilisha kwa maili, na kuvuna maili zaidi ya milioni moja. Wengine waliagiza kwa kadi sarafu za dola moja kutoka kiwanda cha sarafu cha serikali, wakazipeleka benki zikiwa bado ndani ya maboksi, wakalipia deni lilelile, maili zikabaki kwao. Lakini mwanya huo ulizibwa mwaka 2011, na mwaka 2015 shirika la Delta likaanza kuhesabu fedha zilizolipwa badala ya umbali. Maili zikilala hazizai riba; deni la kadi huzaa. Mwaka 2020, ndege zikiwa zimeegeshwa kwa sababu ya korona, United iliweka mpango wake wa maili rehani na kupata dola bilioni 6.8.