Mzimu wa Ngarambe, Kamba ya Mohoro

Nikipita Nyamwage, pale barabara ya Kilwa inapoachana na njia ya Utete, humkumbuka Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyenyongwa na Wajerumani huko Mohoro tarehe 4 Agosti 1905.

Masimulizi aliyoyakusanya mwanahistoria Gilbert Gwassa miaka ya 1960 yanasema kwamba pepo Hongo alimpanda Kinjikitile, akatambaa kwa tumbo hadi kwenye kidimbwi, akazama. Ndugu zake walimtafuta wasimwone. Kesho yake aliibuka, nguo zake kavu. Wanafunzi wangu hucheka hapo. Nami huwauliza: ni baraza gani jingine lingewaunganisha Wamatumbi, Wandengereko na Wangindo, watu wasio na mfalme mmoja, mbele ya akida na kiboko chake? Ukoo hauamrishwi na ukoo mwenzake. Mzimu haukuwa wa ukoo wowote. Serikali ilimwona mganga mchochezi. Wenyeji waliiona pamba ya kulazimishwa, na mwishoni mwa Julai miche yake ikang'olewa Nandete. Inasimuliwa kwamba kabla ya kunyongwa alisema kifo chake hakizuii kitu, dawa imekwisha kufika mbali.

Mauaji yalirudi katika nchi hiyo hiyo. Aprili 2017 askari polisi wanane waliuawa Kibiti kwa siku moja. Viongozi wa vijiji nao waliuawa, na wakazi kadhaa wakatoweka. Novemba mwaka huo alitoweka mwandishi wa habari Azory Gwanda. Kinjikitile, walau, tunaijua siku yake na mahali pake.