Weusi si mmoja: Kulinganisha rangi ya vipuri vya plastiki vya kamera za zamani

KAMERA nyingi za filamu zilizoundwa katika miaka ya 1970 na 1980 zingali zinapiga picha bila tatizo. Lenzi ni nzima na mitambo inazunguka, lakini vipande vidogo vya plastiki huvunjika mmoja baada ya mwingine. Kipuri kipya hupatikana, ila kinapowekwa mahali pake huonekana waziwazi kuwa kiraka.

Mfano unaofahamika sana ni kamera ya Canon AE-1 ya Japani, iliyoingia sokoni mwaka wa 1976 na kuuzwa zaidi ya milioni 5. Ili kupunguza uzani na gharama, kampuni hiyo iliunda kifuniko cha juu kwa plastiki aina ya ABS, kisha ikakipa umaliziaji wa rangi ya fedha au nyeusi, kwa ustadi ambao si rahisi mtu kuutofautisha na chuma kwa macho.

Sehemu inayosumbua zaidi katika kamera hiyo ni kifuniko kidogo cha betri kilicho upande wa mbele, kando ya lenzi. Kishikizo chake ni chembamba, na mwenye kamera akikifungua kwa haraka hukatika. Bila kifuniko hicho betri haikai imara, na bila betri AE-1 haipigi picha hata moja, kwa kuwa shata yake inaendeshwa kwa umeme.

Siku hizi vifuniko vya kubadilisha hutengenezwa kwa mashine za kuchapisha vitu kwa kompyuta, au hung'olewa kwenye kamera iliyokufa. Cha kwanza huwa na mistari ya matabaka na weusi uliofifia. Cha pili huwa kimezeeka kwa namna tofauti na kamera inayokipokea. Vyote viwili huhitaji rangi.

Hapo ndipo wengi hukosea. Hununua kopo la rangi nyeusi ya kupuliza wakidhani weusi ni mmoja. Kumbe kuna weusi unaoelekea samawati na mwingine unaoelekea kahawia, na tofauti hiyo hudhihirika pindi vipande viwili vinapokaa bega kwa bega.

Hata hivyo, kinachofichua kiraka mara nyingi si rangi yenyewe bali mng'ao wake. Vipande viwili vilivyopakwa rangi ya kopo moja, kimoja kikiwa laini na kingine kikiwa na chembechembe, huonekana kama rangi mbili. Sehemu laini hurudisha mwanga upande mmoja na kuonekana nyeusi zaidi, ilhali ile yenye chembechembe huutawanya na kuonekana ya kijivujivu. Kwa sababu hiyo, fundi mzoefu huchunguza kwanza mng'ao, kisha chembechembe, na rangi huja baadaye. Uchunguzi huo hufanywa kwa kuinamisha kamera polepole karibu na dirisha.

Suala la pili ni mwanga. Rangi mbili zilizochanganywa kwa viungo tofauti zaweza kufanana kabisa chini ya taa ya dukani, kisha zikatengana juani. Wataalamu huiita hali hii metamerizimu. Ni ajabu kwamba wapigapicha, watu wanaojua vyema jinsi taa za ndani zinavyobadilisha rangi ya filamu, ndio husahau jambo hili wanapotengeneza kamera zao. Majaribio yafanywe kwenye mwanga wa mchana na yarudiwe chini ya taa ya nyumbani. Rangi inayofanana katika hali zote mbili ndiyo ya kuaminiwa.

Aidha, rangi ya kulinganishwa nayo si ile iliyotoka kiwandani. Baada ya miaka 40, mwili wa kamera umeshachujuka, umesuguliwa na vidole na kupigwa na jua. Plastiki nyeupe ndiyo huathirika zaidi. Kamera za Polaroid OneStep za mwaka wa 1977, zenye mstari wa rangi za upinde wa mvua, nyingi zimegeuka rangi ya malai kutokana na miale ya jua na joto. Kipuri cheupe pepepe juu ya mwili kama huo hulia kwa sauti kubwa. Dawa yake ni nyeupe iliyotiwa njano ya udongo kidogo sana na tone la kahawia. Wapo wanaong'arisha mwili mzima kwa haidrojeni peroksaidi, lakini umanjano huo huweza kurudi.

Baadhi ya watu huona ni rahisi kuipaka rangi kamera nzima ili ifanane na kipuri. Huo ni uharibifu. Maandishi yaliyochongwa na kujazwa rangi kwenye kifuniko cha juu hufunikwa, na umaliziaji wa kiwandani ukishapotea haurudishiki. Kipuri kipya ndicho kinachopaswa kuufuata mwili mkongwe.

Rangi ya fedha ndiyo ngumu kuliko zote, kwani ndani yake mna vipande vidogo mno vya alumini. Vikipulizwa rangi ikiwa majimaji, huzama na kulala, na rangi huonekana nzito. Ikipulizwa kavu kutoka mbali, hutoka nyeupe zaidi. Kopo moja hutoa fedha mbili kwa mkono wa mtu mmoja. Mafundi wanaopaka magari rangi katika gereji za Nairobi wanaujua mchezo huu vizuri, na wachanganyaji wa rangi za magari waweza kutengeneza kiasi kidogo kwa kufuata sampuli. Mashine zao za kusoma rangi, lakini, mara nyingi huwa na tundu pana kuliko kipuri chenyewe, hivyo jicho hubaki kuwa hakimu.

Rangi hizo za magari zina hatari zake. Thina kali huweza kupasua au kuyeyusha plastiki ya ABS, na asetoni huiyeyusha kabisa. Rangi zinazochanganywa na kigumishi huwa na isosayaneti, kemikali inayoweza kusababisha pumu. Barakoa ya kitambaa haifui dafu mbele yake. Kwa kipande kidogo, rangi ya akriliki inayofaa plastiki inatosha.

Kazi yenyewe huanza kwa kuosha kipuri kwa sabuni ili kuondoa mafuta, kukisugua kwa msasa wa namba 400 kisha 600, na kukipaka rangi ya msingi ya plastiki. Tabaka nyembamba tatu ni bora kuliko moja nene, kwa kuwa kifuniko kilichovimba kwa rangi hakifungi, na fundi anayekilazimisha hukata kishikizo kwa mara ya pili. Bawaba, kishikizo na sehemu zinazogusa umeme zifunikwe kwa utepe wa karatasi kabla ya kupuliza.

Kabla ya kugusa kipuri, rangi ijaribiwe kwenye kipande cha plastiki ya aina ileile na kuachwa hadi kesho yake, maana rangi nyingi hubadilika zinapokauka. Mng'ao hurekebishwa mwishoni kwa vanishi isiyong'aa, au kwa kusugua taratibu.

Kipuri kikauke siku kadhaa bila kuanikwa juani, kwani plastiki ya PLA inayotumiwa sana katika uchapishaji huo hulainika joto linapokaribia nyuzi 60 za Selsiasi. Na kamera ikiuzwa, mnunuzi aambiwe ni kipande kipi kilichobadilishwa, hasa pale ambapo kazi imekuwa nzuri kiasi kwamba hawezi kukiona mwenyewe.